Jina, Mti na Tunda: Jinsi Aina za Mlichi Zinavyoteuliwa na Kuboreshwa

Utangulizi

Mlichi ni mti wa matunda wenye asili ya kusini ya Uchina na maeneo yanayopakana nayo upande wa Vietinamu. Matunda yake, yaitwayo lichi, huzaliwa kwa vichala. Kila tunda lina ganda jembamba lenye vipele, ambalo kwa kawaida huwa jekundu tunda linapoiva. Ndani ya ganda mna nyama nyeupe yenye maji mengi, nayo huizunguka kokwa moja ya rangi ya kahawia inayong'aa. Jina la kitaalamu la mti huo, Litchi chinensis, lilitolewa na Mfaransa Pierre Sonnerat mwaka 1782. Mlichi ni wa jamii moja na mshokishoki, mti unaofahamika sana Unguja. Hata hivyo, miti hiyo miwili haina tabia moja. Mshokishoki hupenda joto na mvua za mwaka mzima, hali mlichi hautoi maua vizuri usipopata kwanza majira ya baridi kiasi na ukavu.

Kwa mtazamo wa haraka, huenda ikadhaniwa kwamba kuboresha mlichi ni kazi ya maabara tu. Historia ya mti huo inaonyesha vingine. Kwa muda wa karne nyingi aina za mlichi zimepatikana kwa jicho la mkulima aliyeuona mti mmoja bora kati ya miti mingi, akauzidisha kwa matawi yake, akaupa jina. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uteuzi huo unavyofanyika, jinsi majina ya aina yalivyochanganyika miti iliposafirishwa, na hasara inayoweza kuwapata wakulima pale ambapo nchi nzima inategemea aina moja.

1. Aina ya mlichi ni nini?

Katika mazao kama mahindi au maharage, aina huhifadhiwa ndani ya mbegu. Mkulima huweka akiba ya mbegu, huipanda msimu unaofuata, na kwa kiasi kikubwa hupata mmea unaofanana na ule wa kwanza. Kwa mlichi mambo si hivyo. Mche unaotoka katika kokwa hauwi nakala ya mti mama, kwa kuwa kila kokwa huchanganya upya urithi wa wazazi wake. Kokwa la tunda tamu laweza kuzaa mti wenye matunda machachu, yenye kokwa kubwa na nyama kidogo.

Muundo wa maua yenyewe husaidia mchanganyiko huo. Kishada kimoja cha maua ya mlichi hufungua maua kwa zamu tatu: kwanza maua dume, kisha maua yanayofanya kazi ya kike, na mwishowe maua ambayo yana viungo vya jinsia zote mbili lakini hufanya kazi ya kiume. Zamu hizo hupishana kiasi kwamba chavua ya mti mmoja huenda ikaufikia mti mwingine kwa urahisi, ikibebwa na nyuki na wadudu wengine.

Zaidi ya hayo, kokwa la mlichi halina subira. Likishatolewa katika tunda na kukauka, hupoteza uwezo wa kuota baada ya siku chache tu. Lakini mti uliotoka katika kokwa hilo humtaka mkulima awe na subira nyingi: huenda ukachukua miaka 10 au zaidi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Basi anayepanda kokwa hungojea muda mrefu bila kujua atakachovuna.

Kwa sababu hizo wakulima wa Uchina walishika tangu zamani njia ya kufunga tawi. Huchaguliwa tawi lenye afya, likamenywa gamba lake kwa mduara wenye upana wa sentimita chache. Mahali palipomenywa hufunikwa kwa udongo au kuvu la majani lililolowa, kisha hufungwa ili unyevu usitoke. Baada ya miezi miwili au mitatu mizizi huchomoza. Tawi hukatwa chini ya mizizi hiyo, hulelewa kitaluni, na baadaye huhamishiwa shambani. Mti huo mpya ni mwili uleule wa mti wa kwanza, nao waweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mteule juu ya shina la mti mwingine, hufikia lengo hilohilo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Aina ya mlichi ni mti mmoja tu uliorudiwa mara nyingi. Miti elfu yenye jina moja, ikiwa jina ni la kweli, ni matawi ya mti mmoja. Sifa ya mmoja ni sifa ya wote, na udhaifu wa mmoja vilevile ni udhaifu wa wote. Mkulima anayenunua mche hana njia ya kulitambua tunda kabla halijazaliwa. Kwa miaka kadhaa dhamana yake ni jina peke yake.

2. Uteuzi wa kale nchini Uchina

Wachina waliuthamini mlichi mapema sana. Masimulizi yao ya kihistoria yanaeleza kwamba mwaka 111 kabla ya Kristo, Mfalme Wu wa ukoo wa Han aliamuru miti ya mlichi ihamishwe kutoka kusini hadi mji mkuu wake wa Chang'an, ikapandwa katika kasri lililopewa jina la tunda hilo. Miti haikustahimili baridi kali ya kaskazini. Amri ya mfalme ilishindwa na tabia ya nchi, na funzo hilo lingali na maana: aina bora mahali pamoja si lazima iwe bora mahali pengine.

Mwaka 1059 mwanazuoni na mtumishi wa serikali Cai Xiang, mzaliwa wa Fujian, aliandika kitabu kizima juu ya mlichi. Humo alitaja aina 32, akieleza sifa zake na jinsi matunda yanavyohifadhiwa. Kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya kale zaidi duniani vilivyoandikwa kuhusu mti mmoja wa matunda. Kinathibitisha kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita uteuzi ulikwisha kuwa elimu yenye msamiati wake.

Majina ya aina yanadhihirisha vitu vilivyoangaliwa na wateuzi. Baadhi yake hutaja umbo au rangi: Da Zao ni kama kusema "Kunazi Kubwa", na Hei Ye ni "Jani Jeusi", kwa ajili ya majani yake yenye kijani kilichokoza. Mengine hutaja ladha au harufu. Nuo Mi Ci ni "Kitumbua cha Mchele wa Kunata", na jina la Gui Wei lina neno linaloweza kumaanisha mdalasini au mti mwingine wenye maua ya harufu nzuri. Mengine hutaja majira: San Yue Hong ni "Nyekundu ya Mwezi wa Tatu", kwa kuwa huiva mapema kuliko aina nyingi. Yapo pia majina yanayobeba historia. Fei Zi Xiao, "Tabasamu la Suria wa Mfalme", humkumbusha Yang Guifei, kipenzi cha mfalme mmoja wa karne ya 8, ambaye inasimuliwa kwamba aliletewa lichi kwa farasi waliopokezana mbio usiku na mchana.

Sifa iliyotafutwa kuliko nyingi ni udogo wa kokwa. Katika aina fulani, hususan Nuo Mi Ci na Gui Wei, kiinitete hufa mapema wakati tunda lingali changa; nyama huendelea kukua, na kokwa hubaki jembamba lililosinyaa. Wakulima huliita kokwa la namna hiyo "ulimi wa kuku". Tunda lenye ulimi wa kuku lina sehemu kubwa zaidi ya kuliwa, na bei yake hupanda kwa kadiri hiyo. Hata hivyo, sifa hiyo haitulii, kwani idadi ya kokwa zilizosinyaa hubadilika kufuatana na hali ya hewa na chavua iliyoyafikia maua.

Heshima inayopewa mti mama haijapungua. Huko Zengcheng, katika jimbo la Guangdong, upo mti wa aina ya Gua Lü unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 400. Mwaka 2002 tunda moja tu la mti huo liliuzwa mnadani kwa yuan 555,000. Bei hiyo haikuwa ya ladha peke yake. Mnunuzi alikuwa akinunua jina lisilo na shaka, yaani tunda la mti uleule ulioanzisha jina.

3. Safari za miti na mkanganyiko wa majina

Mlichi ulipoanza kuvuka bahari, majina yake yalipata misukosuko. Inatajwa kwamba uliingizwa katika kisiwa cha Réunion mwaka 1764 na Mfaransa Charpentier de Cossigny, nao ulienea katika kisiwa jirani cha Morisi. Kutoka Morisi ulifika Afrika ya Kusini katika miaka ya 1870. Hawaii iliupata mwaka 1873 kwa mkono wa Mchina aitwaye Ching Chock. Huko Florida ulitangulia kustawi mti uliotoka Fujian, uliopelekwa Marekani na mmisionari William Brewster mwaka 1903 na 1906.

Kila safari iliacha jina jipya. Mti wa Florida uliitwa Brewster, kwa jina la aliyeutuma, ingawa wataalamu wengi wanaulinganisha na aina ya Fujian iitwayo Chen Zi. Mti wa Afrika ya Kusini uliitwa Mauritius, kwa jina la kisiwa ulikotoka; wataalamu wanaufananisha na Da Zao, ambayo kwa matamshi ya Guangdong huitwa Tai So. Réunion na Madagaska mti huohuo hujulikana kwa jina la Kwai Mi, ambalo ni matamshi ya Guangdong ya Gui Wei, na Gui Wei ni aina nyingine kabisa. Mti wa kwanza wa Hawaii nao ulidhaniwa kwa miaka mingi kuwa Kwai Mi, mpaka ilipobainika kuwa ni Tai So. Huko Australia kuna aina inayoitwa Kwai May Pink. Hiyo nayo si Kwai Mi ya Réunion.

Kwa mwanafunzi wa lugha, sababu za mkanganyiko huo si ngumu kuziona. Ya kwanza ni matamshi: maandishi ya Kichina ni yaleyale, lakini msomaji wa kaskazini na yule wa Guangdong hawayatamki kwa sauti moja, kama Hei Ye na Hak Ip, au Huai Zhi na Wai Chee. Ya pili ni tahajia, kwa kuwa Wafaransa na Waingereza waliandika kila mmoja kwa kadiri alivyosikia. Ya tatu imo ndani ya majina yenyewe. Jina la kueleza sifa, kama "Jani Jeusi", laweza kupewa mti wowote wenye majani yaliyokoza. Ya nne ni kokwa. Penginepo mkulima alipanda kokwa la aina fulani, akauita mche kwa jina la mama, hali mche ulikuwa kiumbe kipya.

Sayansi ilianza kulichambua jambo hilo kwa vipimo katika miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya miti iliyokusanywa Hawaii ulilinganisha vimeng'enya vya miti yenye majina mbalimbali. Ilionekana kwamba baadhi ya miti yenye jina moja ilikuwa tofauti, na baadhi ya miti yenye majina tofauti haikuweza kutenganishwa. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata katika miaka ya 2000 ulitoa njia za hakika zaidi. Leo jani moja la mche lililopelekwa maabara laweza kueleza kile ambacho zamani kilingojewa kwa miaka mingi.

4. Uzito wa jina: mfano wa Madagaska

Inaweza kuulizwa: je, jina likikosewa, kuna madhara gani endapo tunda ni tamu? Jibu linapatikana katika kalenda ya mavuno. Nchini Uchina aina hupokezana. San Yue Hong hutangulia mwezi wa Mei, Fei Zi Xiao hufuata, kisha Gui Wei na Nuo Mi Ci, na Huai Zhi hufunga msimu mwezi wa Julai. Kwa hiyo vibarua hupata kazi kwa muda mrefu zaidi, na soko halifurikwi kwa siku moja.

Madagaska iko katika hali nyingine. Kisiwa hicho ndicho mpelekaji mkuu wa lichi Ulaya katika majira ya Noeli, na matunda yake hutoka hasa pwani ya mashariki, eneo la Toamasina. Karibu miti yote ni ya aina moja, ile iitwayo huko Kwai Mi. Miti iliyo mwili mmoja, chini ya hewa moja, huiva pamoja. Mavuno yote husongamana katika majuma machache ya Novemba na Desemba. Tena lichi ni tunda lisilosubiri: likishachumwa na kuachwa katika joto la kawaida, ganda lake hugeuka kuwa la kahawia kwa siku mbili au tatu. Ndiyo maana matunda hufukizwa moshi wa kiberiti na kusafirishwa katika meli zenye ubaridi. Meli ikichelewa, au matunda yakifurika sokoni, hasara humfikia mchumaji mdogo, ambaye hana aina nyingine ya kuuza kabla au baada ya hapo.

Isidhaniwe kwamba aina hiyo ilitawala kwa bahati tu. Tai So, kwa majina yake yote, huvumilia joto la nyanda za chini kuliko aina nyingi. Nuo Mi Ci na Gui Wei, zenye sifa kubwa Uchina, huzaa kwa kusitasita zinapopandwa mahali ambapo baridi haitoshi. Kwa hiyo nchi inayotaka kurefusha msimu wake haiwezi kuagiza tu majina mashuhuri. Inapaswa kujaribu kila aina katika udongo wake na hewa yake. Majaribio hayo hayana faida ikiwa mche ulioletwa sio ule uliotajwa katika cheti.

5. Njia za uboreshaji katika zama hizi

Njia ya kwanza ni ileile ya kale, lakini kwa utaratibu mkali zaidi: kupanda miche mingi ya kokwa, kuiangalia kwa miaka, kuteua michache, na kuikataa iliyobaki. Chuo Kikuu cha Hawaii kilifuata njia hiyo. Miongoni mwa miche ya Hak Ip kiliteuliwa kimoja kilichotolewa kwa wakulima mwaka 1982 kwa jina la Kaimana, yaani "almasi" kwa lugha ya Kihawaii. Matunda yake ni makubwa kuliko ya Hak Ip, na huzaa vizuri zaidi. Kabla yake Hawaii ilikuwa imetoa aina iitwayo Groff, yenye matunda madogo lakini kokwa nyingi za ulimi wa kuku. Uchina nayo imepata aina mpya kutokana na miche iliyoota vijijini, kama Xian Jin Feng ya Zengcheng.

Nchini India, mji wa Muzaffarpur katika jimbo la Bihar ni kitovu cha kilimo cha mlichi, na tangu mwaka 2001 una kituo cha taifa cha utafiti wa zao hilo. Aina yake mashuhuri, Shahi, huiva mapema na ina harufu nzuri, lakini ganda lake hupasuka upepo wa joto kavu unapovuma karibu na mavuno. Aina iitwayo China hupasuka kidogo zaidi, ila huchelewa. Katika hali kama hiyo mteuzi hatafuti tunda tamu kuliko yote; hutafuta mti unaounganisha ladha ya mmoja na uvumilivu wa mwingine.

Njia ya pili ni kuchavusha kwa mkono, yaani kuchagua baba na mama. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa maua ni madogo, zamu za jinsia hupishana, na maua machache tu hubakiza tunda hadi mwisho. Kokwa za ulimi wa kuku, zinazopendwa na mlaji, ndizo zisizoota. Pamoja na matatizo hayo, mwaka 1994 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamefaulu kupata machotara ya mlichi na mlongani, mti ndugu wenye matunda yanayochelewa kuiva.

Njia ya tatu haizalishi aina mpya, bali hueneza zilizopo kwa haraka. Miti mikubwa ya aina zisizo na bei hukatwa matawi, na vikonyo vya aina mpya hubebeshwa juu yake. Mizizi ya zamani hulisha kichwa kipya, na mkulima huvuna mapema kuliko kama angeanza na mche. Nchini Uchina mashamba mengi ya Huai Zhi na Hei Ye yamegeuzwa kwa njia hiyo.

Njia ya nne imetokana na usomaji wa urithi wote wa mlichi. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kusini ya Uchina walichapisha matokeo ya kuisoma aina ya Fei Zi Xiao. Walionyesha kwamba mlichi ulifugwa mara mbili mbalimbali: aina zinazotangulia sana kuiva zilitokana na miti ya mwitu ya Yunnan, na zile zinazochelewa zilitokana na miti ya kisiwa cha Hainan. Aina za katikati, pamoja na Fei Zi Xiao yenyewe, ni machotara ya pande hizo mbili. Vilevile waliona kwamba kukosekana kwa kipande cha herufi 3,700 hivi za vinasaba kunahusiana na wakati wa kutoa maua. Alama hiyo yaweza kumsaidia mteuzi kuchagua mche mchanga kwa kadiri ya majira yake, bila kungoja miaka 10 auone ukichanua.

Hitimisho

Historia ya mlichi inafundisha kwamba uboreshaji wa mti wa matunda una nguzo tatu. Ya kwanza ni wingi wa miche ambamo mti bora waweza kuonekana. Shamba lisilo na tofauti halina cha kuteuliwa. Ya pili ni subira ya kuujaribu mti mahali utakapokaa, kwa kuwa wala amri ya mfalme wala sifa ya jina haviushindi hewa ya nchi. Ya tatu ni uaminifu wa jina, kuanzia kitaluni hadi sokoni.

Nguzo hiyo ya tatu mara nyingi hupuuzwa, ikidhaniwa kuwa ni jambo la karatasi. Lakini mkulima hulipa bei ya jina kwa miaka ya maisha yake: hupanda, humwagilia, hungoja, na siku ya tunda la kwanza hujua kama aliambiwa kweli. Vipimo vya vinasaba sasa vinaweza kumwondolea shaka hiyo mapema, iwapo vituo vya utafiti na wenye vitalu watakubali kupima miti mama kabla ya kuuza matawi yake. Pale jina linaposema kweli, nchi yenye aina moja yaweza kuanza kuongeza ya pili na ya tatu kwa uhakika, na mavuno yake hayatangoja tena meli moja na sikukuu moja.